Mkwe Anauzwa

Dukani, 4 Februari

Mume wangu,

Naandika kwa sababu kwenye simu hatuwezani. Kila nikifika kwenye neno lenyewe unasema mtandao unakatika. Kambi yenu hiyo ina mnara mmoja juu ya kilima, na nimeanza kuamini ulijengwa kwa ajili ya kukuokoa wewe. Dereva wa lori la mafuta la kampuni yenu amekubali kubeba barua. Karatasi haikatiki.

Namuuza Mkwe.

Usiruke, soma kwanza. Najua kadi ya gari ina jina lako. Najua ni wewe uliyemwagiza kutoka ng'ambo kwa pesa ya mkataba wako wa kwanza: gari la dizeli la miaka thelathini na mbili, la mraba kama sanduku la askari, ukanionyesha picha yake kama mtu anayeonyesha picha ya mchumba. Nami nikamwita Mkwe kwa sababu alikuja na wewe, anakula kwangu, na hakuna anayethubutu kumsema. Lakini alipofika bandarini, ushuru wake ulizidi bei yake kwa robo nzima, na ushuru ule ulilipwa na misumari. Misumari yangu, niliyoanza kuipima kwa kopo barazani kabla hujajua jina langu. Kwa hesabu hiyo mimi nina sehemu tano katika tisa na wewe una nne. Mwenye tano ameamua.

Sababu ni hii: siwezi tena kukanyaga klachi yake. Miezi miwili sasa amelala uani. Niliajiri dereva, akasaga gia wiki mbili mpaka majirani wakauliza kama nimefungua kinu. Nilimlipa, nikamuaga. Saruji ya kule mlimani, ambako malori hayapandi, sasa inapelekwa na mwenye trekta, na wateja wangu wawili wamehamia kwake.

Mnunuzi yupo, ni mchimba visima. Amekuja mara mbili, amelala chini ya gari na shati jeupe, na bei ameishusha kidogo tu. Atangoja mpaka mwisho wa Aprili, kwa sababu mwezi wa tano ana kazi mahali pasipo na barabara. Fomu ya kuhamisha umiliki nimeiweka humu. Weka sahihi palipo na alama ya penseli.

Kama kuna unalotaka kuuliza, uliza.

Mkeo


Kambini, karakana ya mitambo mizito, 19 Februari

Mama Mizani wangu,

Barua yako ilifika ikinuka dizeli, nikajua ni ya nyumbani. Nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya tairi la tingatinga, wenzangu wakadhani nimepata msiba. Nikawaambia: mke wangu anataka kumuuza Mkwe. Wakaniambia: pole sana, Spana.

Sasa tulia nikwambie. Klachi nzito ni ugonjwa mdogo. Huuzi gari kwa klachi, kama usivyouza nyumba kwa bawaba. Nijibu haya tu, nami nitakwambia dawa yake nikiwa hukuhuku. Asubuhi anatoa moshi wa rangi gani? Ukingoja plagi zipate moto, anawaka kwa mara ya kwanza? Pedali ni nzito tangu juu, au inakuwa nzito karibu na sakafu? Ukiiachia, inarudi yenyewe? Kuna matone yoyote chini yake? Mmemtoa waya wa betri? Matairi mnayasukuma nusu mzunguko kila wiki yasikae upande mmoja? Panya hawajaingia kwenye nyaya? Maji ya radieta bado ni ya kijani?

Hawatengenezwi tena wa namna ile. Hana kompyuta hata moja mwilini. Ukimsikiliza anakwambia mwenyewe anapoumwa, sio haya magari ya siku hizi ya kuwasha taa ya njano na kununa. Unakumbuka siku ile tunapanda na mifuko thelathini, mvua imeifanya njia sabuni, umeshika usukani wewe, mimi nakimbia pembeni napiga kelele "usibadili gia, usibadili"? Ulifika juu ukacheka mpaka ukalia. Mimi sijawahi kukuona mzuri kama siku ile, umepakwa tope mpaka kwenye nyusi.

Na vile viti vya ubavuni kule nyuma nimeshavipimia mikanda. Watoto wawili upande huu, wawili upande ule, wakitazamana. Usiseme ni ndoto. Hesabu ni yako mwenyewe: una miaka thelathini na sita, bado tunaruhusiwa. Mkataba unakwisha Mei. Fomu sijatia sahihi.

Na wewe natumaini hujambo.

Wako, Spana


Dukani, 3 Machi

Wifi yangu,

Cherehani haijambo? Naona aibu kukuandikia, maana uliiacha siku kumi na moja na nguo za watu juu ya meza ukaja kunikalia wodini, na tangu urudi kwako sijakutumia hata neno. Naendelea vizuri. Mshono umefunga. Nikikanyaga kitu kizito kwa mguu wa kushoto ndipo tumbo linavuta ndani kama mtu ameshika uzi. Daktari amesema mwaka mzima nisibebe wala nisisukume kwa nguvu, na unaijua ile klachi.

Ndugu yako amejibu. Nimehesabu. Ameuliza maswali tisa kuhusu Mkwe. Kuhusu mimi hakuna hata moja. Ameandika "natumaini hujambo", na kwenye barua ile hilo ndilo jibu la swali ambalo hakuliuliza. Rangi ya moshi ameuliza. Mke wake hawezi kukanyaga pedali aliyoikanyaga miaka saba, hakuuliza kwa nini.

Halafu amepima mikanda ya viti vya watoto. Wanne, wifi. Nilisoma pale nikiwa nampimia mteja waya, nikampimia mara mbili ya mita alizolipia.

Najua utaniambia nimwambie. Nilimpigia, wewe shahidi, siku ile ya Desemba daktari aliposema uvimbe umekuwa mwingi na damu haikati, kizazi lazima kitoke na kitoke kesho. Alikuwa chini ya tingatinga. Akasema "sikusikii, nitakupigia." Nikasaini mwenyewe ile karatasi. Alinipigia siku ya nne. Aliuliza kama Mkwe amebadilishwa oili.

Mimi nimejitafutia kila kitu, unajua. Duka, kiwanja, paa, hata bili ya hospitali nimeilipa mwenyewe, faida ya miezi saba imekwenda na kidogo kilichobaki nitakilipa kwa sehemu yangu ya Mkwe. Sijawahi kumsumbua mtu. Lakini kuna kitu kimoja mtu hawezi kujitafutia, nacho ni kuulizwa "una nini?" Nikimwambia bila kuulizwa, itakuwa nimejinunulia pole yake kama nilivyonunua kila kitu.

Nampa mpaka mwisho wa Aprili, siku ileile ya mchimba visima. Tafadhali usimwambie. Uliniapia wodini.

Wifi yako


Kwenye cherehani, 10 Machi

Wifi mkaidi,

Nimeapa na nimekaa kimya, lakini ulimi umenivimba. Wewe na mdogo wangu hamjaoana, mmefungua karakana. Mnaongea nati na bolti miaka yote halafu mnashangaa hakuna aliyesema neno la maana.

Ngoja nikusimulie kitu, sio kumtetea. Mama yetu alipokuwa anatutoka, tulikuwa sote wodini tumemzunguka. Mmoja anasoma dua, mwingine anamshika mkono, mimi nafuta jasho. Spana yuko wapi? Yuko juu ya kiti, anafungua feni ya darini kwa kisu cha mezani, maana ilikuwa inatoa kelele. Kaka yetu mkubwa alimtukana mpaka muuguzi akaja. Hakushuka. Feni ikatulia, Mama akasema "ah, sasa," na jioni akaenda. Watu walimsema mazishini kwamba hana moyo. Mimi nilimwona nyuma ya nyumba anatapika.

Ndivyo alivyo. Kikimuuma asichoweza kukifungua kwa spana, anatafuta kinachofunguka. Sisemi inatosha. Kwangu mimi isingetosha, mume wangu angelala nje. Nasema tu kwamba huyo unayemngoja aulize hakufundishwa kuuliza, na wewe unayengoja hukufundishwa kusema. Mtangojana mpaka mzeeke.

Mwambie hata nusu. Neno moja. Mpe pa kushika.

Na uniambie unakula nini. Usinijibu "vizuri". Hicho si chakula.

Wifi yako, anayekupenda kwa nguvu


Dukani, 18 Machi

Mume wangu,

Majibu yako haya. Moshi ni mweupe dakika mbili za kwanza, halafu haonekani. Anawaka mara ya kwanza. Pedali ni nzito tangu juu mpaka chini, kama ilivyokuwa siku zote. Inarudi yenyewe. Hakuna matone. Waya wa betri umetolewa. Matairi yanasukumwa kila Jumamosi na wapakiaji. Panya hawajaingia. Maji ni ya kijani.

Kwa hiyo Mkwe ni mzima. Klachi ni nzima. Ni mimi nisiyeweza kuikanyaga. Daktari amenikataza.

Nimeiweka fomu nyingine, kama ile ya kwanza umeipoteza.

Mkeo


Kambini, 2 Aprili

Mama Mizani wangu,

Moshi mweupe dakika mbili! Hiyo ni afya, hata mimi nikiamka nakohoa zaidi. Nimewasomea majibu yako hapa karakanani, mkuu wetu akasema mke wa namna hii aajiriwe.

Hilo la daktari nimelielewa. Ni ule mguu ulioteguka uliposhuka ngazi ya stoo na kopo la rangi, mwaka ule. Nilikwambia mapema kwamba kifundo kile kitakuja kukudai. Sasa dawa yake nimeipata. Dereva anakuletea kifurushi, usikidharau kwa sababu ya magazeti niliyokifungia. Ndani kuna springi na mkono wa chuma nilioutengeneza mwenyewe wiki hii nzima, baada ya kazi. Unafungwa nyuma ya pedali, mchoro nimeuweka. Ukianza kukanyaga, springi inakanyaga pamoja na wewe. Nimepima hapa kwenye gari kuukuu la kampuni, uzito umekatika nusu. Nusu kamili. Hata mtoto atakanyaga.

Kwa hiyo mwambie mchimba visima akachimbe na gari lingine.

Jambo moja zaidi, usinune. Kampuni imeniongeza miezi sita. Nimekubali. Nikimaliza nitakuwa na pesa ya gia boksi mpya, na Mkwe atatuzika sote wawili. Novemba si mbali.

Pumzisha huo mguu.

Wako, Spana


Kwenye cherehani, 17 Aprili

Mdogo wangu,

Nimeapa nisikwambie kitu, na mimi kiapo changu sivunji hata kwa damu yangu. Kwa hiyo sikwambii. Nakuamuru tu, kama dada yako niliyekuogesha.

Mkeo amenipigia simu juzi. Amenisomea barua yako kwa sauti ile ya kusomea bei. Amefika pale pa "hata mtoto atakanyaga," akanyamaza. Nilidhani simu imekatika. Haikukatika. Nilikuwa nasikia lori likishusha mchanga nyuma yake. Mwisho akasema, "Wifi, mteja ameingia," akakata.

Mguu wake hauna kitu, we zuzu. Kifundo kilipona mwaka uleule.

Alikuandikia neno "daktari". Mtu mzima akiandikiwa neno hilo na mke wake anafanya nini? Hatengenezi springi. Shuka kwenye kiti, mdogo wangu. Iache hiyo feni. Chukua kalamu na uulize, usijijibu mwenyewe.

Dada yako


Kambini, 29 Aprili

Mke wangu,

Fomu hizi hapa, nimezitia sahihi zote mbili. Sijui kama nimewahi.

Dada amenitukana na hakuniambia kitu. Kwa hiyo sijui lolote, naandika nikiwa sijui.

Nataka nikwambie ukweli kuhusu barua yako ya Machi. Neno "daktari" nililiona. Niliona lile kabla ya mengine yote, kama mtu anavyoona nyufa. Nikaikunja barua, nikaenda karakana, nikawasha mashine ya kuchomelea. Nilijiambia ni kifundo. Nilijiambia mara nyingi, na kila nikikata chuma naamini zaidi. Springi ile ilitoka nzuri kwa sababu nilikuwa naogopa.

Desemba pia ulinipigia. Nilikuwa nasikia vizuri, mtandao haukukatika. Ulisema jina langu tu, lile jina langu halisi, si Spana. Nikasema sikusikii.

Una nini? Kwa nini huwezi kukanyaga? Walikufanya nini hospitali? Ulikuwa na nani? Kunauma wapi?

Sijaweka jibu lolote hapa chini. Nimeacha nafasi.

Mkataba nimewaambia nataka kuuvunja. Watanikata mshahara wa miezi miwili, na wakate.

Mumeo


Dukani, 11 Mei

Mume wangu,

Fomu ilifika tarehe 6. Mchimba visima alikuwa ameongeza wiki moja kwa hisani yake. Mkwe ameondoka tarehe 7, asubuhi. Sehemu yako, nne katika tisa, iko kwenye akaunti yako. Bili ya hospitali sikuitoa humo. Ile ni yangu.

Umeuliza, nakujibu. Tarehe 12 Desemba nilitolewa kizazi. Uvimbe ulikuwa saba, ule mkubwa kama ngumi ya mwanamume. Nililala wodini siku kumi na moja, dada yako alikaa nami zote. Niliongezwa chupa tatu za damu. Kunauma chini ya kitovu, kushoto, nikikohoa au nikicheka. Kucheka kumekuwa kidogo, kwa hiyo siteseki sana. Watoto hatutapata. Sio wanne, sio mmoja. Nilitaka uwe umeshika mkono wangu ukisikia hivyo kutoka kwa daktari, lakini nilisikia peke yangu, na wewe unasoma peke yako. Hapo tumelingana.

Springi yako ni kazi safi. Nilimfungia Mkwe kabla hajauzwa, mafundi wawili walikuja kuitazama. Nilikaa kwenye kiti nikaijaribu. Ni kweli, ni nusu. Ningeweza kumwendesha. Nilikaa pale nimeshika usukani nikaona kwamba sitaki tena.

Mchimba visima aliniuliza, kama kila mnunuzi: "Mama, ana ugonjwa gani? Usinifiche." Nikamwambia yote. Kwamba asubuhi za baridi amngoje, asimlazimishe. Kwamba mlango wa nyuma haufungiki mpaka uuinue kidogo. Kwamba akinguruma kwenye gia ya tatu si hasira, ni desturi yake. Niliongea karibu saa nzima, na yule mtu alisikiliza, akaandika, akauliza tena. Kisha akasema, "Na wewe mwenyewe, mama, unaonekana umechoka. Unaumwa?"

Mgeni. Na shati lake jeupe.

Nikamwambia hapana. Nikaingia stoo nikakaa juu ya mifuko ya saruji, nikalia vile ambavyo sikulia Desemba, kwa sababu swali lilikuja, likaja kutoka kwa mtu ambaye halikuwa lake.

Barua yako ilikuwa pamoja na fomu, lakini sikuifungua siku ile. Nilichukua fomu nikaiacha barua, maana nilidhani ni maelekezo ya gia boksi. Nimeifungua juzi, nyumba imeshakuwa kimya. Nimeisoma mara nyingi kuliko nitakavyokiri. Lile la simu ya Desemba, afadhali ningebaki silijui. Nilikuwa nimeshausamehe mtandao.

Sikwambii usirudi. Nyumba ni ya wote wawili, hata hapo sijafanya hesabu na sitafanya. Sikwambii urudi pia. Nimezoea kujijibu mwenyewe, na mtu akizoea hivyo hajui tena akiulizwa aanzie wapi. Huenda nikajifunza. Huenda nisijifunze. Kwa hilo sina namba.

Ila ukija, usiingie na ufunguo wako. Simama mlangoni, bisha hodi, ungoje niseme.

Mkeo